Nyuzi Nyekundu Katika Tope

Ndoo mbili tu.

Bibi Brashi alisimama ukingoni mwa tangi la mwisho, beleshi mkononi, akaikodolea macho sakafu ya zege kama mtu aliyeangusha pete yake humo. Aliinama akakwangua pembe zote nne. Beleshi lililia kwenye zege tupu. Akainuka tena, akashika kiuno.

"Haiwezekani," akasema peke yake.

Kwa miaka kumi na moja alikuwa akichota tope la shamba lile la samaki, ndoo kumi na mbili kila asubuhi, mvua inyeshe au jua liwake. Samaki wenyewe walifugwa nchi kavu, katika matangi makubwa yaliyojazwa maji ya bahari kwa pampu. Na samaki ni kama kiumbe mwingine yeyote, akila lazima atoe. Kinyesi chao na makombo ya chakula vilishuka na maji mpaka tangi la mwisho, vikatua chini, vikawa tope jeusi linalonuka kama yai viza. Maji yaliyobaki juu yalitoka kwa bomba, yakaingia kwenye mfereji, na mfereji ukayapeleka horini, kwenye mkono wa bahari. Bibi Brashi alichota tope, akasugua kuta za matangi, akausugua na mfereji wote kwa brashi yake ya mpini mrefu, ndiyo maana jina lake la kuzaliwa hakuna aliyelikumbuka pale kazini.

Sasa, mtu aliyebeba uchafu miaka yote hiyo anazijua tabia zake. Uchafu hauna miguu lakini haupotei. Ukiuondoa hapa umeuweka pale, na ukiufagilia chini ya kitanda, basi uko chini ya kitanda. Kwa hiyo zile ndoo kumi zilikuwa wapi?

Jibu alilopewa lilimkaa kooni kama mwiba. Ati zimeliwa.

Aliyeleta mambo hayo alikuwa mkwe wake mwenyewe, mke wa mwanawe wa pekee. Msichana mpole, mwenye miwani na shule nyingi, wafanyakazi walimwita Mtaalamu, nusu kwa heshima na nusu kwa kejeli. Miezi mitatu nyuma alimshawishi bosi ajenge chumba kirefu kati ya matangi ya samaki na lile tangi la mwisho. Ndani zikapangwa trei za mchanga, moja juu ya nyingine kama mikate kwenye tanuri, na mchangani wakatiwa minyoo. Maji machafu yakawa yanapita humo kwanza.

"Ni minyoo wa baharini, mama," mkwe alimweleza siku ya kwanza. "Wanakaa ndani ya mchanga, maji yanapita juu yao, wao wanakula kile kinyesi na makombo. Wakinenepa tunawavuna, tunawakausha, tunawasaga, wanakuwa chakula cha vifaranga vya samaki."

"Kwa hiyo samaki anakula mnyoo aliyekula kinyesi cha samaki."

"Ndiyo, mama."

"Na sisi tunamla samaki."

Mkwe akacheka. "Mama, hata kuku wako, ukifuatilia anachodonoa huko uani, hutamla."

"Kuku wangu namwona anachodonoa. Minyoo wako umewafungia kwa kufuli."

Na kweli kufuli lilikuwepo, kubwa kama la ghala la mahindi. Mkwe alisema minyoo hawapendi mwanga wala kishindo, wakishtuka wanazama mchangani na kuacha kula. Tena wavuvi wa ndoano wanawaiba kwa ajili ya chambo. Bibi Brashi aliitikia "Aha," lakini aha ile haikutoka moyoni. Miaka sitini na mitatu alikuwa hajawahi kusikia habari za mwizi wa minyoo.

*

Jumatatu ile mdogo wake alimjia kazini na beseni kiunoni, hajaketi, hajasalimia.

"Dada, fungua mmoja."

Mdogo wake alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa chaza. Aliwafuga kwenye kamba zilizofungwa kwenye vigingi, pale mfereji wa shamba ulipoingia horini. Chaza wake walikuwa na sifa. Watu wa hoteli walikuwa wakiwasubiri hata kabla hawajatoka majini, naye sokoni alizoea kujigamba kwamba wake wamekula bahari safi tupu.

"Nimefungua chaza wa kutosha maishani," Bibi Brashi alisema.

"Fungua nimesema."

Alifungua kwa ncha ya kisu. Ndani, mahali palipokuwa na nyama nyeupe iliyojaa ganda, palikuwa na kitu chembamba kama kucha, kinachoonesha upande wa pili, na maji matupu.

"Umeona? Chaza wangu alikuwa amenona kama shavu la mtoto. Sasa huyu ni chaza au ni kohozi? Na wote wako hivyo, dada, kamba zote. Mkweo anamwaga uchafu wake kwenye mfereji. Anawaua taratibu."

"Usilete maneno, mdogo wangu. Maji ya mfereji nayaona kila siku, yanang'aa."

"Sumu nayo inang'aa! Minyoo wamekuja lini?"

"Miezi mitatu."

"Na chaza wangu wameanza kukonda lini? Niulize basi." Hakungoja kuulizwa. "Miezi mitatu! Sasa sikiliza. Alhamisi ya wiki ijayo mkaguzi wa maji anakuja kuamua kama shamba lipewe kibali kipya. Atakuuliza wewe, kwa sababu tope la hapa wewe ndiye unayelijua. Ukimficha mkweo, mimi na wewe tumemalizana. Hata nikifa usije kunililia."

Akabeba beseni lake, akaenda zake kwa hatua za kupasua mawe.

Bibi Brashi alibaki na yule chaza mkononi. Akisema, na ikawa kweli, shamba litafungwa, mkwe atachukuliwa kama mhalifu na tumbo lake la miezi sita, na mwanawe, aliyekuwa kazini mbali mpaka mwisho wa mwezi, atarudi akute mama yake ndiye aliyeibomoa nyumba. Na akinyamaza, na ikawa kweli vilevile, mdogo wake wa tumbo moja atabaki na kamba tupu. Siku kumi hazikuwa nyingi. Ilibidi ajue.

*

Aliyemzidishia wasiwasi alikuwa mkwe mwenyewe.

Siku ya pili, saa ya chakula cha mchana, wafanyakazi wote wakiwa kwenye kivuli cha stoo na mabakuli yao, Bibi Brashi alikumbuka brashi yake akarudi kuichukua. Akamwona mkwe anatoka mlango wa nyuma wa chumba cha minyoo akisukuma toroli, juu yake gunia limefungwa mdomo, linachuruzika maji meusi. Mkwe alipomwona aligutuka, miwani ikamteleza puani.

"Mama! Hujala?"

"Nakula. Unapeleka wapi hilo gunia, na tumbo lako hilo?"

"Ah, mchanga tu. Mchanga uliochoka."

"Mchanga nao unachoka?"

"Nitakueleza, mama. Siku nyingine."

Baadaye Bibi Brashi alifuata alama ya gurudumu. Ilitoka mlango wa nyuma, ikapita kando ya ukuta, ikaenda moja kwa moja mpaka ukingoni mwa mfereji. Hapo ikakoma. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Hapakuwa na mchanga wowote uliomwagwa. Palikuwa na maji tu, yanapita zake kimya, safi kama ya kunawia uso.

Roho ikamwambia: humohumo.

Lakini roho si shahidi, na mkaguzi hataki kusikia habari za roho. Usiku ule aliketi na kikapu chake cha ushonaji, akawaza namna ya kulifuata tope. Tope ni jeusi, na likiingia majini huwezi kulitofautisha na tope jingine. Labda liwekwe alama, kama mfugaji anavyomtoboa ng'ombe wake sikio. Kitu chepesi kinachokwenda linakokwenda tope, kisichooza, na chenye rangi ya kujionesha. Macho yake yakashuka kikapuni. Juu kabisa lilikuwapo donge la sufu nyekundu ya kufumia, nyekundu ya pilipili, na asubuhi haikupambazuka kabla hajaukatakata uzi wa kutosha konzi nzima, vipande vidogo kama punje za mchele. Mkasi ulifanya kazi na yeye hakuwaza jambo lingine lolote. Hilo alikuja kulijutia.

Kando ya mlango wa chumba cha minyoo kulikuwa na kishimo cha zege ambamo maji machafu yote yalikusanyika kabla ya kuingia ndani. Kila alfajiri, kabla mkwe hajafika, Bibi Brashi alitupia humo nyuzi chache, akazikoroga na kinyesi kwa mpini wa brashi. Halafu alikwenda mwisho wa bomba, akalivalisha soksi ndefu ya nailoni na kuifunga kwa kamba, ili kitakachotoka kinase. Tope la zile ndoo mbili nalo alilipitisha kwenye chujio la chai, kijiko kwa kijiko. Mwenzake mmoja alimkuta hapo akamwuliza kama anatafuta dhahabu.

"Natafuta sukari," akajibu. "Chai yenu haina."

Siku ya kwanza, soksi ilikamata jani moja. Siku ya pili, magamba mawili ya samaki. Ya tatu, ya nne, ya tano, hakuna uzi hata mmoja. Kwenye tangi hakuna. Mtu mwingine angefurahi. Bibi Brashi alizidi kukereka, maana nyuzi zinaingia, hazitoki, na sufu hailiwi na mnyoo. Basi ziko ndani ya yale magunia.

Nyumbani nako hewa ilikuwa imechacha. Waliishi chini ya paa moja, wakipika zamu kwa zamu, na sasa hata zamu zilikuwa zimekwenda mrama. Mkwe alianza kujipikia chai yake mwenyewe. Akiandaliwa sahani alisubiri kwanza mama mkwe ale tonge la mwanzo. Jioni moja Bibi Brashi alitoka bafuni akamkuta ameinamia kikapu cha ushonaji, anakipekua.

"Umepoteza nini, mwanangu?"

"Sindano, mama."

"Sindano ziko kwenye kopo, na kopo liko mbele ya macho yako."

Mkwe akachukua sindano asiyokuwa na kazi nayo, akaingia chumbani. Komeo likalia. Tangu aolewe hakuwahi kutia komeo.

Mwenye hatia ndiye anayejifungia, Bibi Brashi akajisemea. Wala hakujiuliza huyo mwenzake, nyuma ya mlango, alikuwa anajisemea nini.

*

Jumatano, kesho yake mkaguzi anakuja, alikwenda kwa mdogo wake kumwambia ukweli wa mambo: bomba halijatoa kitu. Mdogo wake alikuwa jikoni, akampigia kelele anawe, chai iko tayari. Bomba la kunawia lilikuwa nyuma ya nyumba, kando ya kibustani.

Bibi Brashi alijua kibustani kile. Miaka yote kilikuwa mchanga wa pwani usioota hata magugu ya maana. Leo nyanya zilikuwa zimesimama kifuani, shina nene kama kidole gumba, matunda yameinama kwa uzito. Vitunguu vimejipanga kama askari. Alisimama na mikono inadondosha maji.

Kisha akakiona. Chini ya mnyanya wa pili, kwenye udongo mweusi ulio laini kama unga, kipande cha uzi, chekundu pilipili, kidogo kama punje ya mchele.

Alikiokota, akakifunga kwenye pindo la kanga yake.

"Nyanya zako zimestawi, mdogo wangu," akasema alipoingia. "Unazipa nini?"

"Mavi ya mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Mbuzi wa... kuna mtu ananiletea." Mdogo wake akageukia jiko, akafunika sufuria ambayo ilikuwa imefunikwa tayari. "Kesho utasema, au utamficha?"

"Kesho nitasema ninachokijua."

"Hapo sawa."

Njiani kurudi Bibi Brashi alijiona kama mtu anayetembea kati ya watu wawili ambao kila mmoja ana mkono nyuma ya mgongo. Mkwe ana magunia na mdogo wake ana nyanya. Na mdogo mtu huyohuyo ndiye anayemtuma amchome mkwe kwa mkaguzi! Wanamchezea wote wawili? Au mmoja anamchezea mwenzake, na yeye ni ngoma tu ya kupigwa?

*

Mkaguzi alikuwa mwanamume mfupi mwenye sanduku la vipimo na uso wa mtu aliyedanganywa mara nyingi. Alichota maji kwenye mdomo wa bomba, ambalo Bibi Brashi alikuwa amewahi kulivua soksi, akatia dawa kwenye kichupa, akakitikisa, akakiinua juani. Akakunja uso. Akarudia mara ya pili.

"Haya maji ni safi mno," akasema, kwa sauti ya mtu anayesema ni machafu mno.

"Si ndiyo vizuri, mkubwa?" Bosi alicheka, lakini jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

"Vizuri wapi? Mwaka jana yalikuwa kama supu. Samaki mmeongeza, chakula mmeongeza, na maji yamekuwa ya kubatizia? Ama mnachanganya na maji mengine ili mnizuge, ama kuna bomba lingine sijaoneshwa. Uchafu uko wapi?"

"Minyoo wanakula," mkwe alisema.

"Nimeambiwa hivyo. Kwingine niliambiwa unapanda mbinguni kama mvuke." Akafungua daftari. "Nani anachota tope hapa?"

Macho yote yakamgeukia Bibi Brashi. Bosi, wafanyakazi, mkwe aliyeegemea ukuta na mkono tumboni. Na mdogo wake, aliyekuja na beseni lake la chaza bila kualikwa na bila kuombwa atoke.

Bibi Brashi alipiga moyo konde.

"Mimi. Na swali lako, baba, mimi nimeliuliza kabla yako. Nilitia alama kwenye tope. Nilikatakata nyuzi nyekundu, nikazitupia kwenye kile kishimo, siku tisa mfululizo..."

"Kumbe!" Sauti ya mkwe ilipasuka mpaka mkaguzi akaangusha kalamu. "Kumbe unasema mwenyewe, mama, mbele ya watu!"

Alitia mkono kwenye mfuko wa aproni akatoa chupa ya jamu. Ndani yake vilikuwamo vipande vyekundu, vimeoshwa, vimekauka, robo chupa nzima.

"Siku tisa nimevitoa kwenye trei za minyoo wangu, kimoja kimoja, kwa kibanio cha nyusi. Kila asubuhi nasema leo nitakuta minyoo wamekufa. Kila jioni najishika tumbo nasema leo..." Akashindwa. Akavua miwani, akaifuta bila sababu. "Huu ni uzi wa sweta ya mwanangu, mama. Uliokuwa unamfumia mwanangu. Umeukata vipande ukautupa kwenye kinyesi. Ulitaka nifikirie nini?"

Bibi Brashi aliitazama ile chupa. Sweta. Mikono miwili, mmoja tayari na mmoja bado, na sufu iliyokuwa ya ule wa pili. Aliona sasa jinsi jambo lile lilivyoonekana kwa mtu aliye upande wa pili wa komeo.

"Mwanangu," akasema polepole, "nilitaka kitu kinachoonekana kwenye tope. Hicho tu. Nilidhani unamwaga magunia kwenye mfereji."

"Mimi? Nimwage?"

"Nimeona gurudumu limekomea mferejini. Halafu jana nimeona hiki." Akafungua pindo la kanga, akakiweka kile kipande juu ya kiganja chake, akanyoosha mkono ili mkaguzi aone. "Bombani hakikupita. Tangini hakikupita. Nimekiokota chini ya mnyanya wa mdogo wangu."

Mkwe alitazama chini. Hakusema kitu, na Bibi Brashi, aliyekuwa amemchunguza siku kumi bila kupepesa, akatambua kwamba huu haukuwa ukimya wa mtu mwenye kosa. Ulikuwa ukimya wa mtu aliyeahidi.

"Usinitazame hivyo," mdogo wake akafoka, ingawa hakuna aliyekuwa akimtazama. Sasa wote wakamtazama. "Haya! Ni mimi. Nimechukua mimi, kuna nini? Ananiletea mpaka mferejini, navuka kwenye ubao nabeba kwa beseni. Ule mchanga waliokwisha kuutafuna minyoo, nauosha chumvi, basi. Mbolea yake haina mfano. Nilimwapisha asimwambie mtu."

"Kwa nini?" mkaguzi aliuliza.

"Kwa sababu soko zima nimelitangazia kwamba minyoo ni najisi!"

Mfanyakazi mmoja alikohoa kuficha kicheko.

"Na bado umekuja kumshtaki?" Bibi Brashi alimwuliza. "Mtu anakula yamini kwa ajili yako, kibali kinataka kumponyoka na bado hafungui mdomo, na wewe unamletea beseni?"

"Mbolea yake haina kosa, dada. Ni maji yake. Chaza wangu wanakufa, hilo siyo uongo!" Na sauti ikamkatika kweli, maana huyo naye hakuwa akicheza. "Wanakufa."

Mkaguzi alifungua chaza watatu, akawanusa, akawapima kwa dawa zake. Akatikisa kichwa. "Sumu sioni. Sioni ugonjwa. Wamekonda tu."

Hapo Bibi Brashi aliutazama mfereji. Aliutazama kama alivyoutazama kila siku, lakini safari hii aliutazama kwa mikono yake. Zamani ungetembeza kiganja kwenye kuta zile kingerudi na utelezi wa kijani kama uji. Alikuwa akiusugua leo, keshokutwa umerudi. Lini mara ya mwisho alipousugua? Akajaribu kukumbuka. Mwezi ulipita, labda miwili. Hapakuwa na utelezi wa kusugua. Hata utelezi ulikuwa umekosa chakula.

"Mdogo wangu," akasema, "chaza anakula nini?"

"Anachuja maji. Anakula vilivyomo ndani ya maji."

"Na ndani ya maji ya mfereji huu, miaka kumi na moja, mlikuwa na nini?"

Uso wa mdogo wake ukabadilika polepole, kama nguo inayoloa.

"Hapana," akasema.

"Shavu la mtoto," Bibi Brashi akasema.

"Dada, hapana."

"Bahari safi tupu."

"Nyamaza, dada, nakuomba!"

Lakini mkwe alikuwa amevaa miwani yake, macho yamemtoka. "Mama amesema kweli. Hawakutiwa sumu. Wana njaa! Zamani tope jepesi lilikuwa linavuka tangi linakwenda kwao, wao wanalichuja. Walikuwa wanatusafishia maji bure, hatujui. Mimi nimewaletea minyoo, nimewanyang'anya sahani."

Bosi aliwatazama mmoja mmoja kama mtu aliyeingia msiba wa watu wengine. Mkaguzi alikuwa tayari anaandika. Aliomba kuingia chumba cha minyoo, akaingia, akakaa humo muda mrefu, akatoka na mchanga kwenye magoti. Kibali alikitoa, lakini kwa miezi sita tu, maana alikuwa mtu wa kutoamini hata alichokiona. Mkwe aliomba maji ya tangi moja yasipite kwa minyoo, yaende kwa chaza moja kwa moja, nao wayachuje. Mkaguzi alikuna kidevu.

"Nitapima baada ya chaza, si kabla. Wakishindwa kuyasafisha, nafunga."

"Hawatashindwa," mdogo mtu alisema kwa hasira, kama aliyetukaniwa watoto. Kisha akashusha sauti. "Ila atakayefika sokoni na maneno haya, tutaonana."

*

Wiki ile kamba za chaza zilisogezwa juu, karibu zaidi na mdomo wa mfereji. Zilisogezwa mapema, kabla watu wa soko hawajaamka.

Mkwe hakusema nimekusamehe wala hakusema sijakusamehe. Jumapili aliweka ufunguo wa kufuli juu ya meza, kando ya kikombe cha mama mkwe, akaenda kufua. Bibi Brashi aliuzungusha ufunguo mara mbili tatu, akautia kifuani.

Jumatatu akafungua mwenyewe. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, gizani, mlango umeachwa wazi upana wa kidole ili uingie mwanga kidogo. Alichota tope kwa kijiko akaliweka juu ya mchanga wa trei ya chini, akatulia. Hakuna kilichotokea. Alikwisha kuanza kuguna aliposikia, au alidhani amesikia, kitu kama karatasi inayokunjwa mbali. Mchanga ukafunguka tundu. Kikatoka kichwa chekundu kidogo, kikapapasa kushoto na kulia kama kipofu anayetafuta kikombe, kikashika ukingo wa tope, kikavuta. Likaondoka punje kwa punje, mpaka kijiko kizima kikawa hakipo.

Bibi Brashi alichukua kijiko cha pili. Akaweka. Likaliwa. Cha tatu pia.

"Haya," akamwambia mnyoo kwa sauti ya chini. "Nimeona."

Alitoka, akafunga kufuli, akalivuta kuhakikisha. Halafu alikwenda mwisho wa bomba, akatoa mfukoni ile soksi ya nailoni, akalivalisha bomba na kuifunga mafundo mawili. Mkwe alikuwa anapita na trei mkononi, akamwona.

"Bado tu, mama?"

"Bado. Na wewe jana umekipekua tena kikapu changu."

Mkwe alisimama, akatafuta uongo, akaukosa. "Nilitaka kuona kama mkono wa pili umeanza."

"Umeanza. Nyekundu imekwisha, nafuma wa kijani. Atavaa hivyohivyo, na akiuliza, utamweleza wewe."

Mkwe alitaka kucheka, akajizuia, akaenda zake na trei. Bibi Brashi alimfuata kwa macho mpaka akakata kona, kisha akainama akakaza yale mafundo.